Ua la Kunusa: Switipii za Zamani Chini ya Mlima Hanang

Waridi linalouzwa mjini siku hizi ni zuri la kutazama. Kikonyo kimenyooka, kichwa kimefumba sawasawa, rangi haina doa. Ukiliinamia, pua haipati kitu. Siwalaumu wakulima wa Arusha wala wa Naivasha kule Kenya, maana ua lile limezalishwa kwa ajili ya safari: likatwe alfajiri, liingizwe chumba cha baridi, lipande ndege, liuzwe kwenye mnada wa Aalsmeer huko Uholanzi, kisha likae mezani kwa mnunuzi siku nyingi bila kunyauka. Wazalishaji wa mbegu walichagua, kizazi baada ya kizazi, mmea wenye kikonyo kirefu na petali ngumu. Harufu haisaidii kitu ndani ya boksi, basi ikapotea njiani.

Mimi nataka ua la kunusa. Nilifundisha shule ya msingi hapa wilayani Hanang mpaka nikastaafu, na shamba langu la Gendabi ni kama la wengine: mahindi, maharage, mbaazi pembeni, vitunguu saumu kidogo. Lakini ukuta wa nyumba unaotazama mashariki umefunikwa na mmea ambao wageni huuliza jina lake kabla hawajapewa kiti. Ni switipii, kwa jina la kitaalamu *Lathyrus odoratus*, ndugu wa njegere, mbaazi na kunde. Hupanda juu kwa vikamba vyembamba vinavyojizungusha kwenye fito au uzi wowote, hufika urefu wa mtu na kupita, na hutoa maua mepesi yanayopepea kwa upepo mdogo tu. Asubuhi, jua likishapasha ukuta, harufu yake inakupokea getini. Ni asali na ua la mchungwa kwa pamoja.

Wenzetu wa pwani wanalijua jambo hili kuliko sisi wa bara. Mwanamke wa Unguja au Lamu hukusanya asumini, mrehani na waridi akafunga kikuba, naye hukivaa ili anukie. Ua kwake huanzia puani, macho baadaye. Huku kwetu tumezoea maua ya plastiki. Yamejaa sebuleni, yamejaa kwenye meza za harusi, yamejaa hata altareni, yakikusanya vumbi Pasaka mpaka Pasaka. Naandika makala haya nikitaka maua hayo ya plastiki yaondoke, na yanayoweza kuyaondoa yanaota vizuri sana kwenye baridi yetu.

Historia ya switipii inafaa kujulikana, kwa sababu ndiyo inayokuambia ununue mbegu ipi. Mwishoni mwa karne ya 17, mtawa mmoja wa Sicily, kisiwa cha Italia, aliyeitwa Francesco Cupani, aliuandika mmea huu katika kazi zake za mimea. Mwaka 1699 akatuma mbegu Uingereza kwa Robert Uvedale, mwalimu wa shule huko Enfield, karibu na London. Nafurahi kwamba aliyezipokea alikuwa mwalimu. Ua la Cupani lilikuwa dogo, petali ya juu rangi ya damu ya mzee, za chini zambarau, na kwa kawaida mawili tu kwenye kikonyo kimoja. Harufu yake ni kali ajabu. Ua hilo bado linalimwa, na mbegu zake bado zinauzwa kwa jina la mtawa huyo. Baadaye likaja lile linaloitwa Painted Lady, la rangi ya waridi na nyeupe, linalojulikana tangu miaka ya 1730.

Kwa miaka mingi hapakuwa na mabadiliko makubwa, mpaka alipotokea Mskochi Henry Eckford, mtunza bustani aliyehamia mji wa Wem, Shropshire, mwaka 1888. Eckford alichavusha kwa mkono, akachagua, akachavusha tena. Aliongeza ukubwa wa ua na idadi ya rangi, na harufu akaibakisha. Mwaka 1900 yalipofanyika maonyesho ya London ya kuadhimisha miaka 200 ya switipii Uingereza, karibu nusu ya aina zilizoletwa zilikuwa zimetoka mikononi mwake. Mwaka uliofuata, Silas Cole, mtunza bustani wa Earl Spencer huko Althorp, alionyesha ua jipya lenye petali kubwa za mawimbi, na watu wakalikimbilia. Kutoka hapo switipii ikaingia mashindano ya ukubwa. Aina za Spencer zinapendeza mno, na baadhi zinanukia, lakini nyingi ziliacha sehemu ya harufu nyuma. Kwa hiyo mtu akiniuliza, namwambia atafute za Cupani, Painted Lady, au zile za Eckford.

Kuna habari moja ninayoipenda kuliko hizo zote. Kaskazini mwa jimbo la New York, Marekani, alikuwepo mke wa mchimba mawe. Alipanda Painted Lady kwenye udongo mwembamba uliolalia mwamba wa chokaa, na kila mwaka aliweka mbegu za mimea aliyoipenda, akazipanda tena mwaka uliofuata. Alifanya hivyo kwa takriban miaka 25. Udongo ule mgumu, pamoja na jicho lake, vilizaa switipii fupi, yenye nguvu, inayochanua mapema kuliko wenzake. Kampuni ya mbegu ya D. M. Ferry ilichukua mbegu zake na mwaka 1889 ikaziuza kwa jina la Blanche Ferry. Katika uzao wa ua hilo ndimo walimopatikana wazazi wa switipii zinazochanua mapema, zile ambazo hazisubiri siku ndefu za kiangazi cha Ulaya.

Kwetu hilo ni jambo kubwa. Switipii nyingi za bustani za Ulaya hungoja mwanga wa siku upite saa 12 ndipo zichanue kwa nguvu. Sisi tuko nyuzi 4 na nusu hivi kusini mwa ikweta, na mchana wetu haupungui sana wala hauzidi sana saa 12 mwaka mzima. Zile za maua makubwa hapa kwangu hurefuka, hurefuka, zikapita ukuta kabla hazijatoa tumba la kwanza. Za kuchanua mapema huanza zikiwa usawa wa kiuno. Za Cupani huja katikati, nami huzisubiri kwa radhi kwa sababu ya harufu yake. Kila ninapoona tumba la mapema namkumbuka mwanamke yule na mawe yake. Hakuwa na maabara. Alikuwa na kipande cha ardhi mbovu na desturi ya kuweka mbegu.

Desturi hiyo switipii inairuhusu kuliko maua mengi. Ua lake hujichavusha lenyewe likiwa bado limefumba: chavua humwagika ndani ya petali mbili za chini zilizoshikana, kabla nyuki hajapata mlango. Ukipanda Painted Lady ukavuna mbegu, mwakani unapata Painted Lady. Mara chache nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hulifungua ua kwa nguvu na kuchanganya chavua, na hapo unaweza kukuta mche mmoja mgeni. Wanasayansi wa Cambridge, William Bateson na Reginald Punnett, walijifunza mengi kuhusu urithi wa viumbe kwa kupandisha switipii mwanzoni mwa karne ya 20. Moja ya waliyoyakuta ni kwamba maua mawili meupe, yakipandishwa, yanaweza kuzaa ua la zambarau kama lile la kale la Sicily. Rangi ya babu ilikuwemo ndani ya weupe muda wote. Mbegu za mseto ulizonunua dukani huwezi kuziamini hivyo. Ukizivuna na kuzipanda tena, unapata mchanganyiko usioujua. Switipii ya zamani ni yako ukishaipata.

Kupata mbegu za kwanza kunahitaji subira. Zangu zilitoka kwa sista mmoja mzee aliyekuwa na bustani ya misheni, aliyenipa kiganja kimoja ndani ya bahasha ya kaki. Anayetaka kuagiza kutoka nje afuate sheria: mbegu zinazoingia nchini zinahitaji kibali cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yenye makao yake Arusha. Usimwombe ndugu aliyeko Ulaya akufichie pakiti kwenye sanduku. Magonjwa ya mimea husafiri ndani ya mbegu, na wilaya yenye maharage na mbaazi kama yetu haina sababu ya kujitafutia ugonjwa wa jamii ya kunde.

Sasa kilimo chenyewe. Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na baridi yake ndiyo inayotupa nafasi. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, kisha Juni na Julai upepo wa mlimani unatulazimisha sote kuvaa makoti. Switipii hupenda kuota udongo ukiwa na unyevu na kuchanua hewa ikiwa ya ubaridi. Kwa hiyo nasia Machi inapoisha au Aprili inapoanza, mizizi ishuke wakati ardhi imeloa, na maua yaje Juni mpaka Agosti. Joto likizidi, vikonyo hufupika, matumba hudondoka, na mmea hukimbilia kutoa mbegu. Mtu wa Dar es Salaam asihangaike nayo. Abaki na asumini yake, ambayo hapa kwetu hulia baridi. Lakini Mbulu, Karatu, Lushoto, Njombe, Limuru ya Kenya, Kabale ya Uganda, zote zinaifaa. Milima yetu hata ina jamaa yake wa porini, *Lathyrus hygrophilus*, anayeota kwenye nyasi za juu na kingo za misitu.

Mbegu ni duara, ngumu, ndogo kuliko njegere. Ganda lake linaweza kukataa maji kwa wiki kadhaa. Mimi huchukua kipande cha msasa, nikaisugua kila mbegu upande mmoja mpaka rangi ya chini ionekane, nikiepuka lile doa dogo inapotokea mizizi. Kisha huzilowesha usiku kucha. Asubuhi zilizovimba zinapandwa, zisizovimba zinasuguliwa tena. Napanda kwenye chupa za maji zilizokatwa vichwa na kutobolewa chini, kwa sababu mzizi wa switipii hushuka moja kwa moja na hauupendi mkebe mfupi. Kina ni sentimita mbili au tatu. Chupa hukaa juu ya meza yenye miguu iliyosimamishwa ndani ya makopo ya maji, maana panya wa Gendabi wanaijua harufu ya mbegu mbichi kuliko mimi ninavyoijua ya ua.

Mche ukifikisha jozi tatu za majani, nakata ncha yake kwa kucha. Wanaoniona huhuzunika, lakini mche uliokatwa ncha hutoa matawi mawili au matatu kutoka chini, yenye nguvu kuliko shina la kwanza. Kisha nauhamishia shambani, sentimita 25 hivi kutoka mwenzake.

Kuhusu udongo, sisi Wairaqw hatuna haja ya kufundishwa na watu wa mbali. Wazee wetu wa Kainam, kule Mbulu, walilima miteremko mikali kwa vizazi na vizazi kwa matuta, makinga maji na samadi ya zizini, na ardhi ikabaki. Ndivyo ninavyofanya. Nachimba mtaro unaofika magoti, naweka chini samadi iliyokaa mpaka ikapoa, ninayoipata kwa jirani yangu Mbarabaig kwa kubadilishana na mabua ya mahindi, kisha narudisha udongo uliochanganywa na majivu kidogo, kwa kuwa switipii haipendi udongo wenye uchachu. Samadi mbichi haifai: mmea hunenepa majani ukasahau maua. Mbolea ya dukani ya kukuzia naiacha kabisa, maana mizizi ya switipii, kama ya maharage, ina vinundu vya bakteria wanaokamata naitrojeni hewani.

Ukuta wa kupandia naujenga kwa fito na kamba za katani, kamba moja kila upana wa kiganja. Wiki za kwanza mmea unahitaji kuongozwa, baadaye hujishika wenyewe. Maji naupa kila baada ya siku mbili kiangazi kikishika, kwa kopo, chini ya shina, na ardhi naifunika kwa nyasi kavu. Ukiuacha ukauke kisha ukaulowesha ghafla, matumba yote machanga yatadondoka. Vidukari wakija naosha kwa maji ya sabuni jioni. Utitiri mwekundu hupenda mmea wenye kiu, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa vumbi jeupe kwenye majani, hupenda mimea iliyosongamana. Dawa ya kwanza ya yote mawili ni maji ya kutosha chini na hewa ya kutosha katikati.

Kukata ndiko kunakodumisha mmea. Simama mbele ya ukuta asubuhi kabla jua halijapanda, ushike kikonyo kimoja kati ya vidole viwili. Kikonyo cha aina za Eckford kina maua matatu au manne yaliyopangwa kwa zamu. La chini limefunguka kabisa, petali yake ya juu imesimama wima. La pili limefunguka, la tatu linafunguka. La mwisho bado ni tumba la kijani lenye mstari mwembamba wa rangi ubavuni. Hapo ndipo pa kukata. Ukisubiri la mwisho lifunguke, la chini litakuwa limeshaanza kuzeeka, na shada lako litapukutika siku ya pili. Nakata kwa mkasi mkali mahali kikonyo kinapotokea kwenye shina, naingiza mara moja kwenye ndoo ya maji yaliyofika nusu, na ndoo naiweka kivulini.

Na unakata yote. Wengi huona uchungu kukata ua zuri, wakaacha mengine ukutani kwa mapambo. Ua lililoachwa hutoa ganda la mbegu, na mmea ukishaona mbegu unahesabu kazi imekwisha. Ukikata kila siku mbili, unaendelea kuchanua majuma mengi. Ukisafiri juma moja bila kumwachia mtu mkasi, ukirudi unakuta maganda.

Mezani switipii hudumu siku nne au tano, si zaidi. Hii ndiyo sababu hailimwi kwenye yale mashamba makubwa ya kusafirisha. Huumia vibaya na gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha matunda. Wajapani, ambao wanailima kibiashara hasa mkoa wa Miyazaki, huyanywesha maua dawa yenye chumvi ya fedha ili yavumilie safari. Sisi tunachohitaji ni mambo ya jikoni: kijiko cha sukari kwenye lita moja ya maji, maji yabadilishwe kila siku, na shada lisiwekwe karibu na ndizi mbivu wala mapera. Ndizi mbivu usiku mmoja zinaweza kulala na switipii zako na asubuhi ukakuta petali mezani.

Udhaifu huo ndio fursa yetu. Ua lisiloweza kufika Uholanzi halina mshindani mjini Katesh. Siku moja binti wa jirani alisimama getini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Asante. Mwalimu, hayo maua yako yananukia mpaka barabarani. Unauza?"

"Nauza. Unayataka ya lini?"

"Jumamosi, harusi ya dada. Walisema tukodi ya plastiki Babati."

Nilimwambia aje Jumamosi yenyewe saa 12 asubuhi na ndoo mbili safi. Alikuja na mama zake wadogo watatu, tukakata pamoja. Kanisani, watu waliokaa viti vya nyuma waligeuka kutafuta harufu inatoka wapi. Tangu hapo shada la vikonyo 20 nauza shilingi 2,000, na kwa altare ya Jumapili sitozi. Siwezi kusema mtu atajenga nyumba kwa switipii. Lakini Julai na Agosti ni miezi ambayo mahindi yameshavunwa, fedha ya mkononi ni chache, na harusi ni nyingi. Mama mwenye mita kumi za ukuta anaweza kununua daftari na sabuni bila kuuza debe la maharage aliyoweka kwa chakula.

Kuna mstari mwingine mfupi wa switipii ninaousia Septemba na kuumwagilia kwa dumu, ili uchanue Desemba. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka mpaka Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh, na watu 89 walifariki. Walikuwemo watoto. Desemba si mwezi mzuri wa switipii. Joto hufupisha vikonyo, na maua huwa machache. Nayapanda hata hivyo, kwa sababu familia zinapokwenda makaburini tarehe hiyo sitaki zibebe plastiki. Ninayafunga kwa uzi wa katani, vikonyo vitano vitano, anayepita achukue.

Sasa jambo ambalo msomaji asilisahau hata akisahau mengine yote: switipii hailiwi. Si mbegu, si ganda bichi, si jani. Ganda lake linafanana na la njegere kiasi cha kumdanganya mtoto, na hata mtu mzima mwenye haraka. Mbegu zake zina sumu inayoharibu tishu za mwili zinazoshikilia mifupa na mishipa. Panya wa maabara waliolishwa mbegu hizo walipinda mifupa. Ndugu yake wa karibu, dengu-nyasi inayoitwa *guaya* kule Ethiopia, huliwa na watu maskini miaka ya njaa, na baadhi ya wanaoila mfululizo kwa miezi wamepooza miguu, wengi wao bila kupona. Sumu za mimea hiyo miwili ni tofauti, ila ukoo ni mmoja. Kwa hiyo mbegu zangu hazikai kamwe ghala moja na mbaazi. Zinakaa kwenye kopo lenye kifuniko, limeandikwa SUMU kwa rangi nyekundu, juu ya kabati. Mabua yake siwapi mbuzi. Wajukuu wameambiwa, na kila likizo wanaambiwa tena.

Kwa ajili ya mbegu natenga mimea michache tangu mwanzo wa kuchanua, naifunga utepe, na hiyo haikatwi maua. Nachagua iliyochanua mapema, yenye vikonyo virefu, na kabla ya kufunga utepe nalinusa kila ua, maana rangi nzuri isiyonukia sitaki iendelee kwangu. Ganda hugeuka kutoka kijani kuwa la rangi ya majani makavu, kisha siku moja ya jua kali hujisokota ghafla na kurusha mbegu. Navuna kabla ya hapo, ganda likishaanza kulia mkononi. Maganda nayaanika kivulini juu ya gazeti, yakiisha kupasuka naokota mbegu, natupa zilizosinyaa, na kuweka nzuri kwenye bahasha yenye jina la aina na mwezi. Mahali pakavu penye ubaridi zinaota vizuri hata baada ya miaka kadhaa. Anayekuja kuomba nampa kumi, na sharti langu ni moja: mwakani ampe jirani yake kumi.

Mwisho wa msimu siing'oi mizizi. Nakata mashina usawa wa ardhi, nachoma yenye ubwiri, na mizizi yenye vinundu inaozea pale pale. Mtaro huo unapokea vitunguu saumu, na switipii za mwaka unaofuata zinahamia kwenye uzio wa upande wa mlima.